SOMO LA NYUMBANI: UNGA WA AKIBA KWA CHAPATI ZA MAJI



Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Nyamahanga alinijia baada ya ibada, akasema, "Mwalimu, baba watoto ametoka zahanati. Ameambiwa apunguze mafuta na chumvi. Mayai nayo tunayauza tupate sabuni na daftari za watoto, na maziwa hatuna. Kila asubuhi amezoea kabalagala na maandazi. Nimpe nini sasa, nami sharti niwe shambani jua lisijapanda?" Nikamwambia kwamba nitamjibu katika gazeti hili, kwa maana neno lake si lake peke yake. Nyumba nyingi za wilaya zetu mbili, Biharamulo na Ngara, zina swali lilo hilo.

Jawabu ni hili: atengeneze siku moja unga uliochanganywa, auweke mkavu katika chombo chenye kifuniko, na kila asubuhi achote kikombe, atie maji, apike chapati za maji zisizo na yai, wala maziwa, wala mafuta ya kuchovya. Kazi ya nusu saa imekwisha fanyika tangu Jumamosi. Lakini namna ya kuuchanganya unga huo ina mambo ya kuangaliwa, na moja katika hayo laweza kumlemaza mtu miguu. Kwa hiyo nawaomba msome hata mwisho kabla ya kushika kinu.

Kuchanganya nafaka na kunde si jambo geni. Katika kitabu cha Ezekieli, mlango wa 4, nabii aamriwa kutwaa ngano na shayiri, maharagwe na dengu, na mtama, kuvitia vyote katika chombo kimoja na kujifanyia mkate. Wako watu leo wausifuo mkate huo kana kwamba ni karamu ya mbinguni. Hawakusoma vema. Ule ni mkate wa mji uliozingirwa na adui, mkate wa kupimwa kwa mizani, wa watu waliokwisha kukomba maghala yao. Walakini mchanganyiko wenyewe ni mwema, na sababu yajulikana sasa. Nafaka hupungukiwa na kitu kimoja katika vile vinavyojenga mwili, nazo kunde wanacho tele. Kunde hupungukiwa na kingine, nacho nafaka wanacho. Vikiliwa pamoja, kimoja chaziba pengo la kingine.

Hata huku kwetu unga wa namna hiyo umekwisha onekana. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994 Warwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, nao Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 250,000 walivuka katika muda wa siku moja tu. Katika vyakula vilivyogawiwa kambini katika nchi hizi za Maziwa Makuu ulikuwamo unga wa mahindi na soya, uliochanganywa tayari. Wazee wetu wengi waukumbuka, wengine kwa shukrani na wengine kwa kuchoka nao. Ule ulitoka mbali katika magunia. Huu wa kwetu twaweza kuufanya kwa mahindi na ulezi wa shambani.

Basi, vipimo ni hivi. Twaeni vikombe 3 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha unga wa ulezi, na kikombe 1 cha unga wa soya. Tieni chumvi kijiko kidogo kimoja, na magadi soda kijiko kidogo kimoja na nusu. Chekecheni vyote pamoja mara mbili, maana magadi yakibaki bonge moja, atakayelipata atasema amekula sabuni. Asiye na ngano na atumie unga laini wa mahindi vikombe 2 na ulezi vikombe 2; chapati zitakuwa nyepesi kuvunjika, lakini zaliwa, na ndizi itazisaidia kushikana, kama nitakavyoeleza.

Soya isisagwe mbichi. Ina kitu ndani yake kinachozuia tumbo kutumia chakula, nacho huondoka kwa moto tu. Chambueni, osheni, chemsheni muda wa nusu saa katika maji yanayotokota, sugueni maganda yatoke, anikeni juani hata zikauke kabisa, kisha kaangeni bila mafuta hata zinukie, ndipo msage. Asiye na soya atumie maharagwe, ila ayachemshe vizuri hata yaive, ayakaushe, ndipo asage. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu, tena chapati hukaa juu ya moto dakika chache tu. Moto huo hautoshi kuyaponya. Karanga sikuzitia katika kipimo hiki, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mama yule alikuja kwangu kwa habari ya mafuta. Soya ina mafuta kama sehemu moja ya tano, nayo imewekwa kikombe kimoja tu katika vitano.

Sasa nakuja kwa muhogo. Najua kila msomaji ameuliza moyoni: mbona mwalimu amesahau unga wa muhogo, nao ndio uliomo katika kila nyumba? Sikuusahau. Nimeuacha nje ya chombo kwa makusudi.

Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Ukimenywa, ukalowekwa siku tatu au nne hata ukawa laini, kisha ukaanikwa vema, sumu hutoka kwa sehemu kubwa. Lakini mwaka wa njaa watu hawana siku nne. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime mkoani Mara, watu waliofupisha kazi hiyo walishikwa na ugonjwa uitwao konzo: mtu alala mzima, aamka miguu imekakamaa, wala haiponi tena. Waliopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Waganga walioichunguza habari hiyo walikuta kwamba walikuwa wakila muhogo mchungu usioandaliwa vema, na kitoweo kidogo mno au hapana kabisa. Nalo neno hili la pili lishikeni, maana mwili hutumia nguvu za kunde, samaki na nyama ili kuivunja sumu ile.

Unga mkavu uliobaki na sumu hauipotezi kwa kukaa chomboni. Huitunza. Ndiyo sababu sitaki muhogo katika unga wa akiba, maana kwa wiki nyingi hamtajua mmechota nini. Mwenye kutaka muhogo na autie siku ile ile ya kupika, kwa njia aliyoieleza mtaalamu Howard Bradbury wa Canberra, Australia, ambayo imetumika Kongo tangu mwaka 2010 katika vijiji vilivyopigwa na konzo. Tieni unga wa muhogo katika bakuli, wekeni alama ndani ya bakuli mahali unga ulipofikia. Mimineni maji na kuchanganya. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acheni. Tandazeni unga huo wenye unyevu juu ya mkeka safi, unene wake usizidi upana wa kidole kidogo, muuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu itatoka kama hewa. Kisha utumieni siku hiyo hiyo, msiulaze. Kikombe kimoja cha unga huo kwa vikombe viwili vya unga wa akiba chatosha, tena huzifanya chapati ziwe laini. Njia hii haiondoi haja ya kuloweka. Ni ya kuongeza juu yake.

Sasa kupika. Kwa watu wawili au watatu, chukueni kikombe 1 cha unga wa akiba. Pondeni ndizi kisukari mbili zilizoiva sana, zile zenye maganda yaliyoanza kuwa meusi, ambazo watoto huzikataa. Ndizi ndiyo inayoshika kazi ya yai: yaufunga unga usitawanyike, tena yatia utamu hata sukari haitakiwi. Wapishi wa kabalagala walilijua jambo hili bila kufundishwa na mtu, maana kabalagala ni ndizi na unga wa muhogo tu, wala haina yai. Kosa lake ni karai la mafuta. Kamulieni nusu ya ndimu juu ya ndizi, tieni maji karibu kikombe kimoja, kisha mwage unga na kukoroga upesi, msikoroge sana. Mtaona povu dogo. Ni ndimu na magadi vikikutana. Bila ndimu magadi hayafanyi kazi yake yote, na chapati huwa ya manjano na chungu. Rojo liwe zito kama uji wa mgonjwa, si maji.

Kikaango cha chuma kizito ndicho bora. Kiwekeni motoni hata tone la maji likirushwa liruke na kukauka. Chomeni nusu ya kitunguu kwa uma, mchovye upande uliokatwa katika mafuta kidogo, msugue kikaango. Kijiko kimoja kidogo cha mafuta chatosha chapati zote za asubuhi, nacho ni kama gramu 5 tu. Katika karai mkate hunywa mafuta pande zote, na kila gramu ya mafuta ina nguvu za chakula zaidi ya mara mbili ya gramu ya unga. Mimineni rojo upana wa kisahani, punguzeni moto, ngojeni. Vitundu vikionekana juu na ukingo ukikauka, geuzeni mara moja. Chapati ya kwanza mara nyingi huharibika; ni ya kuku.

Mwenye presha aangalie neno hili: magadi soda nayo yana ile ile chumvi iliyokatazwa, ijapokuwa ulimi hauitambui. Kwake yeye changanyeni unga wa akiba usiotiwa magadi wala chumvi, mkoroge na maji tangu jioni, mfunike, mwache karibu na jiko. Asubuhi litakuwa limechacha na kuinuka kidogo lenyewe. Ndipo mtie ndizi. Hivyo ndivyo Wahabeshi wafanyavyo mkate wao uitwao injera, wa nafaka ndogo iitwayo tefu: huacha rojo lichache siku mbili au tatu, na kuupika juu ya kigae kipana. Wakristo wa kule hufunga nyama, mayai na maziwa siku nyingi za mwaka, nao mkate huo huwatosha.

Kwa habari ya kufunga, wengine wameniuliza kama chapati hizi ni chakula cha Kwaresima. Mkipenda. Sisi hatuna sheria juu ya yai na siagi. Zamani Wajerumani walikuwa nayo: siagi ilikatazwa siku za kufunga, na kwa kuwa nchi yao haina mizeituni, ilibidi wanunue mafuta ya kigeni, au wanunue ruhusa ya kula siagi. Luther alilalamika juu ya jambo hili mwaka 1520 katika waraka wake kwa wakuu wa taifa la Wajerumani, akisema mafuta waliyouziwa yalikuwa mabaya hata kwa kupakaa viatu. Hata hivyo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakudharau kufunga. Afungaye na afunge kwa hiari.

Bali kuna mtu mmoja nyumbani asiyefunga, wala asiyepunguziwa mafuta, naye ni mtoto aliyeachishwa ziwa. Hapa akina mama wengi hukosea kwa nia njema. Babu akipikiwa chakula chepesi, mjukuu huketi kando yake na kula sahani moja. Tumbo la mtoto ni dogo. Asipotiwa mafuta katika chakula, hushiba kabla hajapata nguvu za kutosha. Mganga Cicely Williams, alipokuwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika mwaka 1933 habari za watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1935 aliuita ugonjwa huo kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Basi chapati ya mtoto ipakwe parachichi au karanga zilizosagwa, apewe na dagaa, au yai moja kabla mengine hayajakwenda sokoni. Tena vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu huihitaji, haipatikani katika mimea. Hata mtu mzima asile hivi siku zote bila samaki wala maziwa kabisa.

Unga wa akiba ukae mahali pakavu, juu ya ubao, si juu ya sakafu. Uandikwe tarehe. Ulezi na soya vina mafuta yao, navyo huanza kunuka baada ya mwezi mmoja hivi; kwa hiyo msifanye mwingi. Mahindi yenye ukungu yasiingie hata punje. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, nayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Yule mama nilimpa maneno haya kwa mdomo kabla sijayaandika. Jumapili iliyofuata alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Nikamwuliza, "Habari za baba watoto?" Akasema, "Mwalimu, amekula nne. Kisha akaniuliza kabalagala yake iko wapi."