Wajibu wa Mpiga Kura Baada ya Uchaguzi

Watu wengi katika Uganda hudhani kwamba kazi ya mpiga kura huisha jioni ile kura zinapohesabiwa. Mshindi hubebwa mabegani, ngoma hupigwa, kisha kila mtu hurudi shambani kwake na kungoja miaka 5 ipite. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba huo si mwisho wa kazi bali ni mwanzo wake. Nitatoa mfano unaotuhusu sisi watu wa shule, yaani mfano wa fedha za wanafunzi.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 1, yasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Mbunge, mwenyekiti wa wilaya na diwani wa gombolola hawakupewa mamlaka hayo yawe mali yao. Wamekabidhiwa tu, kama mtu anavyomkabidhi mchungaji ng'ombe wake. Mwenye ng'ombe akikaa miaka 5 bila kwenda malishoni kuwahesabu, asimlaumu mchungaji peke yake siku atakapokuta zizi limepungua. Tena kifungu cha 17 cha Katiba hiyo hiyo chahesabu kupiga vita rushwa na upotevu wa mali ya umma kuwa ni wajibu wa kila raia. Basi kuuliza hesabu si ukorofi wala si uadui.

Sasa tuutazame mfano wetu. Kati ya mwaka 1991 na 1995 serikali kuu ilikuwa ikitoa fedha kwa ajili ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi, mbali na mishahara ya walimu, ili shule zipate vitabu na vifaa vingine. Fedha hizo zilipitia katika ofisi za wilaya. Mwaka 1996 watafiti walikwenda katika shule 250, wakalinganisha hesabu za serikali na daftari za shule zenyewe. Waliona kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shilingi 13 tu, kwa wastani, ndizo zilizofika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti moja. Na zile za watu maskini ndizo zilizopunjwa zaidi.

Kwa nini jambo hili liliendelea miaka yote hiyo bila kelele? Sababu kubwa ni kwamba wazazi wengi hawakujua kuwa fedha hizo zipo. Wao walikuwa wakilipa karo na michango, wakaona shule ni mzigo wao. Mtu hawezi kudai asichokijua. Wazee walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa mikononi mwa yule aliyepaswa kuulizwa.

Habari hizo zilipojulikana, serikali ilianza kutangaza katika magazeti fedha zilizopelekwa kila wilaya. Baadaye shule nazo ziliagizwa kubandika ukutani karatasi yenye kiasi kilichopokewa. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba kufika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika shuleni. Ilionekana pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilipata nafuu kuliko zile za mbali.

Haki yataka nieleze kwamba wataalamu wengine wamesema magazeti peke yake hayakuleta mabadiliko yote, kwa kuwa wakati ule serikali ilirekebisha mambo mengine pia, na mwaka 1997 ilianza mpango wa elimu ya msingi bila karo. Nakubali. Hata hivyo somo letu halianguki. Mzazi aliyejua kiasi aliweza kwenda ofisini na swali lenye tarakimu. Asiyejua alikwenda na manung'uniko tu, na manung'uniko hujibiwa kwa maneno matamu.

Ndipo tunapofika kwa hao tuliowachagua. Wapiga kura wengi humwuliza mbunge wao yasiyo kazi yake. Humtaka alipe karo, anunue jeneza, achangie harusi, na wakati wa kampeni agawe chumvi na sabuni. Lakini kazi ya mbunge ni kutunga sheria, kupitisha makadirio ya fedha za serikali, na kuangalia kama zimetumiwa sawasawa. Mambo mengi ya shule za msingi, vituo vya afya na barabara za vijijini yako mikononi mwa halmashauri za wilaya na gombolola, ambazo wajumbe wake pia twawachagua sisi. Mpiga kura aliyepokea chumvi ameuza haki yake ya kuuliza. Na mfuko uliotoa zawadi hauna budi kujazwa tena. Mara nyingi hujazwa kwa fedha zile zile zilizokuwa za watoto wake.

Wengine husema, "Asipofaa tutamwondoa." Si rahisi hivyo. Kifungu cha 84 cha Katiba kiliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya wakati wake, kwa ombi lililotiwa sahihi na theluthi mbili ya walioandikishwa. Moja ya sababu zilizokubaliwa ni kuwatupa watu waliomchagua. Lakini Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, uwezo huo ulifungwa na utaratibu wa Movement tu. Na tangu nchi iliporudi katika vyama vingi, hautumiki. Kwa hiyo mbunge mvivu aweza kukaa miaka yake yote 5, na hii ndiyo sababu kubwa ya kutolala usingizi katikati ya chaguzi mbili.

Basi tufanye nini? Naona mambo manne.

La kwanza, tujue kiasi. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2005 humpa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na afisa hupaswa kumjibu katika muda wa siku 21.

La pili, tuulize mahali panapostahili. Ya gombolola yaulizwe katika gombolola, ya wilaya wilayani. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mikutano iliyoitwa Baraza, ambamo watumishi husimama mbele ya wananchi kueleza kazi na matumizi. Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa, twende.

La tatu, tuulize tukiwa wengi, tena kwa maandishi. Mtu mmoja huitwa mkorofi, lakini barua yenye sahihi 100 haitupwi kirahisi.

La nne, tuandike majibu, ahadi na tarehe zake, ili uchaguzi ukija tusome daftari letu kabla ya kusikiliza ngoma.

Haya yote yafanywe kwa adabu. Kumsingizia mtu wizi usio na ushahidi ni dhuluma, na kiongozi atoaye hesabu safi astahili kushukuriwa mbele ya watu.

Ninyi wanafunzi mtasema kwamba bado hamjafika miaka 18. Ni kweli, lakini macho mnayo. Someni karatasi iliyobandikwa ukutani, mkawasomee wazazi wasiojua kusoma. Na mkifika miaka 18, kifungu cha 59 chasema kwamba kujiandikisha ni wajibu wenu. Nanyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, mna elimu ya hesabu ambayo jirani zenu wengi hawakuipata. Ingieni katika kamati za shule za vijijini kwenu, mkazisome hesabu zile mstari kwa mstari. Na yeyote kati yenu aliyekwisha kuchaguliwa, alifungue daftari lake kabla hajaulizwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini shule za watu maskini ndizo zilizopunjwa zaidi?
2. Taja jambo moja la kumwuliza mbunge, na moja la kumwuliza diwani wa gombolola.
3. Je, ni vema wapiga kura wapewe tena uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya miaka 5? Toa sababu zako.