Ukishasema "Ni Kweli" Kortini, Rufaa Inabaki na Nini?

Jumatatu asubuhi, mahabusu wa wikendi wamejaa kizimbani. Karani anasoma shtaka mbio mbio, kisha anauliza: "Kweli ama si kweli?" Kijana aliyelala seli usiku mbili anawaza kibarua chake, anatumaini faini itakuwa ndogo, anajibu: "Ni kweli." Dakika chache baadaye ana kifungo, na mlango mkubwa wa rufaa umeshafungwa.

Nchini Kenya, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema aliyekiri kosa mbele ya hakimu na kutiwa hatiani kwa kukiri huko hana rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Yaani Mahakama Kuu unaweza kuiambia kwamba miaka mitatu ni mingi mno. Kwamba hukuiba, umechelewa. Na hata hiyo adhabu, majaji wana uwezo wa kuipunguza na wa kuiongeza pia.

Lakini kukiri nako kuna masharti. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza hatua zake, na mahakimu wanazifuata hadi leo. Shtaka lielezwe lote kwa lugha unayoielewa. Jibu lako liandikwe kwa maneno yako mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka usimulie yaliyotokea, nawe uulizwe kama unayakubali. Hapa ndipo watu hujiponza: wamechoka, wanaitikia tu. Kumbe ukisema hapo, "Ni kweli nilichukua baiskeli, lakini nilidhani ni ya ndugu yangu," hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana, na kesi isikilizwe. Akikuhukumu hivyo hivyo, au kama ulisomewa kwa lugha usiyoijua bila mkalimani, una hoja ya rufaa. Ukishinda, usifunge virago mapema. Mahakama inaweza kuamuru kesi ianze upya.

Makubaliano ya kukiri kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yaliyoingizwa katika sheria mwaka 2008, nayo yana kufuli hiyo hiyo. Huwekwa kwa maandishi, na hakimu lazima akueleze haki unazoziacha. Baadaye unaweza kuiomba mahakama iliyokuhukumu iitengue hukumu yake, kama ulilaghaiwa, ulishurutishwa au ulipotoshwa. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu adhabu itolewe. Muda unaweza kuongezwa ukiwa na sababu ya maana. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake. Omba nakala ya mwenendo wa kesi, utafute mambo mawili: lugha uliyosomewa shtaka, na jibu ulilotoa. Kama lugha haikuandikwa, anzia hapo.