CHURA WA KIHANSI ALIYEPANDA NDEGE



Tukisema "wanyama walio hatarini kutoweka", wengi wetu tunawafikiria faru na tembo. Hao ni wakubwa, na majangili huwafuata kwa ajili ya pembe zao. Leo tutajifunza juu ya mnyama mdogo ambaye hakuna jangili anayemtaka. Ni chura. Akikomaa kabisa ana urefu wa sentimita 2 hivi, hata anaweza kukaa juu ya kidole gumba chako. Rangi yake ni ya manjano.

Anaitwa chura wa Kihansi. Kihansi ni mto wa Tanzania unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa, kwenye mikoa ya Iringa na Morogoro. Mto huo huanguka katika korongo refu. Zamani maji yakianguka yalirusha manyunyu usiku na mchana, kama mvua isiyokatika. Penye manyunyu majani yalikuwa mabichi mwaka mzima, na humo ndimo chura huyu aliishi. Eneo lenyewe ni hekta 2 hivi, yaani eka 5. Hakupatikana mahali pengine popote duniani. Hebu fikiri: eneo kama shamba la mtu mmoja, ndilo dunia yake yote!

Tena ana ajabu nyingine. Vyura tunaowajua hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi wenye mikia. Huyu hatagi. Huzaa watoto walio vyura kamili, wadogo kuliko punje ya mahindi.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu ya maporomoko. Mitambo ilipoanza kazi, maji mengi yakapitishwa ndani ya mlima ili kuizungusha. Umeme wake ni megawati 180, na nchi iliuhitaji sana. Lakini kule korongoni manyunyu yakakatika na majani yakaanza kukauka.

Watu wengi wakauliza: kwani chura ana faida gani, na sisi hatuna taa? Swali hilo si la kipumbavu. Hospitali inataka umeme, na mashine ya kusaga pia. Lakini bwawa likibomoka mafundi wapo wa kulijenga. Fundi wa kutengeneza chura hayupo.

Basi, mto ukaachiwa maji kidogo, na mabomba ya kunyunyiza yakafungwa korongoni ili kuleta manyunyu ya kubuni. Tena mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani. Wapo waliocheka: ati chura kapanda ndege, sisi tunakwenda kwa miguu!

Mabomba yalisaidia, na vyura waliobaki wakaongezeka. Halafu, mwaka 2003, wakafa kwa wingi ghafla. Wataalamu waliwakuta na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Hunywa kwa ngozi, na hewa pia huivuta kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika hana maisha. Ugonjwa huohuo umemaliza vyura wengi Australia na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walionekana watatu tu korongoni. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini.

Wakabaki wale wa Marekani tu. Nao mwanzoni walikufa wengi, maana watunzaji walikuwa bado wanajifunza joto, mwanga na chakula kinachowafaa. Walipojua, vyura wakazaana wakawa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu. Mwaka 2012 wapatao 2,000 wakaachiwa tena korongoni kwao. Hapo kabla, haikuwahi kutokea duniani chura aliyetoweka porini akarudishwa kwao.

Hata hivyo kazi haijaisha. Ukungu ungali upo, na manyunyu yanategemea mabomba. Wataalamu wanaoingia korongoni husafisha viatu vyao kwa dawa kwanza, wasije wakabeba ugonjwa kwa nyayo.

Katika kikundi chenu cha kusoma, jadilini hili: kama bwawa lingekuwa bado halijajengwa, na ninyi ndio mnaoulizwa, mngesemaje? Na je, katika kijiji chenu kuna mnyama au mti ambao wazee waliujua, na watoto wa leo hawaujui?