Dawa za Presha na Moyo: Soma Jina Lote, Siyo Namba Peke Yake

Kwa wagonjwa, familia na wauza dawa wa Shinyanga, Kahama, Geita na machimboni

Kwa nini kijitabu hiki?

Mchimbaji mdogo huhama. Leo yuko Nyarugusu. Akisikia duara limetema Kahama, anafunga mzigo. Dawa ya presha ni ya kila siku, hivyo boksi humwishia ugenini na lingine hununuliwa duka asilolizoea. Jina la boksi jipya linaweza kufanana na la zamani, nguvu zikawa tofauti.

Sura mbili za dawa moja

Molekuli za dawa nyingi huwa na sura mbili. Atomi ni zilezile, ila sura moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Fikiria gambuti la kushoto na la kulia: mpira mmoja, saizi moja, lakini la kushoto halikai mguu wa kulia. Mwilini, dawa hufanya kazi kwa kushika sehemu maalumu za seli, na sehemu hizo nazo zina upande wake. Wataalamu huziita sura hizo S na R. Vidonge vingi huwa na zote mbili, nusu kwa nusu.

Mifano mitatu

*Amlodipine* hulegeza mishipa ya damu ili presha ishuke. Karibu kazi yote hufanywa na sura ya S. Ya R mchango wake ni mdogo mno.

*Propranolol* hupunguza kasi ya moyo. Sura ya S ina nguvu takriban mara 100 kuliko ya R katika kazi hiyo. Mwenye pumu asiitumie, kwa kuwa inaweza kubana njia za hewa.

*Sotalol* hutuliza mapigo yasiyo na mpangilio. Watafiti waliwahi kujaribu sura yake moja peke yake kwa wagonjwa 3,121 waliowahi kupata shambulio la moyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996: waliofariki walikuwa asilimia 5.0 kwa waliopewa dawa, na asilimia 3.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati. Kwa hiyo kutenga sura moja si lazima kulete dawa bora.

Namba inavyoweza kukupoteza

Viwanda kadhaa, vikiwemo vya India, hutengeneza amlodipine yenye sura ya S pekee. Boksi lake huandikwa "S-amlodipine" au "levamlodipine". Kwa kuwa nusu isiyo na kazi imeondolewa, miligramu 2.5 za dawa hii ni sawa na miligramu 5 za amlodipine ya kawaida.

Tuseme mama amezoea amlodipine ya miligramu 5. Akipewa S-amlodipine ya miligramu 5, amemeza dozi mara mbili. Presha inaweza kushuka mno, miguu ikavimba, akapata kizunguzungu. Kwa anayeshuka duarani kwa kamba, kizunguzungu hicho kinaweza kumuua.

Fanya hivi

- Tunza boksi la zamani au lipige picha kwa simu. Mwonyeshe muuzaji.
- Soma jina lote la dawa, pamoja na S au "lev" iliyotangulia, kisha miligramu.
- Jina likibadilika, uliza famasi au kliniki kabla ya kumeza.
- Usiongeze wala kupunguza vidonge kwa kukisia.
- Usiache dawa ghafla. Kukatisha propranolol kwa ghafla kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua.
- Ukizimia, ukibanwa kifua au ukishindwa kupumua, wahi kituo cha afya mara moja, ukiwa na boksi lako.

Kwa wauza dawa

Usibadilishe amlodipine kwa S-amlodipine kwa kulinganisha miligramu. Wasiliana na aliyeandika dawa, mweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, Kisukuma kikihitajika, na umwandikie dozi kwenye boksi. Madhara yoyote yaripotiwe TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kupitia kituo cha afya kilicho karibu.