SOMO LA WIKI: Jalada la bucha na bei ya santuri za zamani

WAFANYABIASHARA wanaoingia kwa mara ya kwanza katika soko la santuri za zamani hudhani kuwa bei hupangwa na umaarufu wa mwanamuziki. Dhana hiyo imewatia wengi hasara. Santuri ya bendi mashuhuri iliyouzwa kwa mamilioni ya nakala mara nyingi haina bei kubwa, kwa sababu kila anayeitaka anaipata. Kinachopandisha bei ni uchache, na mara nyingi uchache huo haumo kwenye santuri yenyewe bali kwenye karatasi inayoizunguka: jalada, lebo, mhuri na stika.

Mfano unaofundisha vizuri zaidi ni wa santuri ya The Beatles iitwayo Yesterday and Today, iliyotolewa Marekani na kampuni ya Capitol mwezi Juni mwaka 1966. Mwekezaji mdogo anayeielewa santuri hiyo moja atakuwa amejifunza sehemu kubwa ya biashara hii.

Kilichotokea mwaka 1966

Picha ya jalada la awali ilipigwa London mwezi Machi mwaka huo na mpigapicha Robert Whitaker. Inawaonyesha wanamuziki wanne wakiwa wamevaa makoti meupe ya wauza nyama, huku wamezungukwa na vipande vya nyama na wanasesere waliokatwa vichwa. Kwa sababu hiyo, wanunuzi duniani kote huliita jalada la bucha.

Inakadiriwa kuwa majalada 750,000 yalichapishwa. Kama ilivyokuwa kawaida, nakala za kwanza zilitumwa kwa vituo vya redio, waandishi wa magazeti na baadhi ya wenye maduka kabla ya siku ya kuuza. Malalamiko yalikuja haraka. Katikati ya Juni, Capitol iliagiza nakala zote zirudishwe na ikatayarisha picha nyingine isiyo na ubaya, inayowaonyesha vijana hao wakiwa na sanduku kubwa la safari.

Sehemu ya majalada yaliyorudishwa ilitupwa. Lakini kuchapisha upya mzigo wote kungekuwa gharama kubwa, hivyo kampuni ikaamua kubandika picha mpya juu ya ile ya zamani na kurudisha santuri madukani. Uamuzi huo wa kubana matumizi ndio uliozaa bidhaa tatu tofauti kutokana na santuri moja.

Hali tatu, bei tatu

Bidhaa ya kwanza ni jalada ambalo halikuwahi kubandikwa kitu. Sokoni huitwa la hali ya kwanza. Haya ni machache sana, kwa sababu mengi yalitoka katika nakala zilizotangulia agizo la kurudisha mzigo.

La hali ya pili ni lile lililobandikwa picha ya sanduku, na picha hiyo ingali mahali pake. Kwa nje linafanana na jalada la kawaida lililochapishwa baadaye, ambalo halina bucha chini yake na ambalo thamani yake ni ndogo. Anayelijua soko hutazama sehemu nyeupe ya upande wa kulia, karibu na katikati ya jalada. Kama kuna bucha chini, mara nyingi kivuli cheusi chenye umbo la pembetatu huonekana kwa mbali. Hiyo ni shingo ya fulana nyeusi ya Ringo Starr ikipenya kwenye karatasi ya juu.

La hali ya tatu ni lile ambalo picha ya sanduku imebanduliwa ili bucha ionekane. Hapa bei hutegemea mkono wa aliyebandua. Likibanduliwa bila kuacha gundi wala mchubuko, lina thamani nzuri. Likichanika, linaweza kuwa na thamani ndogo kuliko lingeachwa lilivyokuwa.

Aidha, katika kila hali bei hugawanyika tena mara mbili. Santuri hiyo ilitolewa kwa sauti ya mono na ya sterio. Nakala za sterio zilikuwa chache zaidi, na leo bei yake ni kubwa kuliko ya mono yenye hali ileile.

Kubandua au kuacha?

Hapa ndipo penye somo kuu. Habari za bucha iliyofichwa zilipoenea, wenye nakala za hali ya pili walianza kuzibandua kwa mvuke na maji ya moto. Kila mmoja aliamini kuwa anapandisha thamani ya mali yake. Wengi walibaki na karatasi iliyochanika.

Jambo ambalo hawakulipima ni kwamba kila jalada lililobanduliwa liliongeza moja katika fungu la hali ya tatu na kupunguza moja katika fungu la hali ya pili. Fungu la tatu linaweza kukua wakati wowote. La pili linaweza kupungua tu. Matokeo yake, nakala zilizobandikwa na kuachwa salama zimepata wanunuzi wake maalumu, ambao hawataki kabisa ziguswe.

Kwa mfanyabiashara, kanuni inayotokana na hapo ni nyepesi: kitendo kisichoweza kurudishwa nyuma kifanywe na mnunuzi wa mwisho, si na muuzaji. Anayeuza jalada la hali ya pili anauza vitu viwili, jalada lenyewe na haki ya kuamua kama libanduliwe. Akilibandua mwenyewe, haki hiyo imekwisha, na hatari yote ya kuchanika imekuwa yake.

Nakala za redio na alama zake

Nje ya bucha, fungu kubwa la santuri adimu ni nakala zilizotolewa bure kwa ajili ya matangazo. Kampuni za Marekani zilizipeleka redioni kabla ya santuri kufika madukani. Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa mfuko wa mnunuzi.

Aina ya kwanza zilitengenezwa mahsusi kwa redio, mara nyingi zikiwa na lebo nyeupe badala ya lebo ya rangi ya kampuni. Hizi zilitoka kwa idadi ndogo. Baadhi zina ukanda wa karatasi uliobandikwa mbele ya jalada, wenye majina ya nyimbo na dakika zake, ili mtangazaji ajue urefu wa kila wimbo. Ukanda huo ukiwa mzima huongeza bei.

Aina ya pili ni nakala za kawaida za dukani zilizopigwa mhuri tu, mara nyingi wa rangi ya dhahabu, kuonyesha kuwa si za kuuzwa. Kwa kuwa santuri ya ndani haina tofauti na ya dukani, nyongeza ya bei ni ndogo. Tena mhuri ni rahisi kughushi kuliko lebo.

Wanaoanza huchanganya pia nakala za redio na zile zilizotobolewa tundu au kukatwa pembe ya jalada. Mara nyingi alama hizo zina maana ya kinyume: mzigo uliokosa wanunuzi ukauzwa kwa bei ya kutupa. Tundu hilo hushusha thamani ya jalada.

Huko Japani, karatasi inayotafutwa zaidi ni obi, ukanda unaozungushwa kwenye jalada ukiwa na maelezo ya Kijapani na bei. Wanunuzi wengi wa wakati ule waliutupa mara baada ya kufungua santuri. Leo santuri yenye obi yake huuzwa kwa bei ya juu kuliko ileile isiyo nayo.

Kuhusu maneno ya kukataza kuuza yaliyochapwa kwenye nakala hizo, mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani ilitoa uamuzi mwezi Januari mwaka 2011. Kampuni ya UMG ilikuwa imemshtaki muuzaji aliyeuza diski za matangazo kwa mnada. Mahakama ilisema kuwa kampuni ilikwisha kuzitoa diski hizo kwa watu ambao haikuwa na mkataba nao wala udhibiti juu yao, hivyo aliyezipata alikuwa na haki ya kuziuza. Kesi hiyo ilihusu CD, lakini wauzaji wa santuri waliifuatilia kwa karibu.

Hesabu ya madaraja

Wanunuzi wa kimataifa hutumia madaraja yaliyoenezwa na jarida la Goldmine la Marekani. NM ni karibu na mpya, VG+ ni nzuri yenye dalili ndogo za kutumika, na VG ni iliyotumika wazi lakini inasikika. Jalada na santuri hupewa daraja kila kimoja peke yake. Kanuni ya mkono ni kuwa VG+ ina nusu ya bei ya NM, na VG ina robo yake.

Tuseme santuri fulani yenye daraja la NM ina bei ya dola 400. Mnunuzi anaipata kwa dola 300 na kufurahi kuwa ameokoa dola 100. Mzigo ukifika, jalada lina mikunjo na santuri ina mikwaruzo; daraja halisi ni VG+. Thamani yake ni dola 200. Amepoteza dola 100 kabla ya kuhesabu posta, ushuru na kamisheni ya dalali. Katika biashara hii, kosa la daraja moja linatosha kula faida yote.

Bei za minada zisimpumbaze mtu

Mwaka 2019, jalada la bucha lililokuwa mali ya John Lennon mwenyewe liliuzwa kwa mnada Liverpool kwa zaidi ya dola 230,000. Bei hiyo ilibeba sahihi na mchoro wa Lennon. Si bei ya bucha.

Mwaka 2016, nakala ya sterio ya hali ya kwanza, ambayo haijawahi kufunguliwa, iliuzwa Marekani kwa dola 125,000. Ilitoka kwenye sanduku ambalo Alan Livingston, rais wa Capitol wa wakati ule, alilihifadhi nyumbani. Mwanawe alizileta sokoni nakala hizo mwaka 1986, nazo hazikuzidi 24. Sterio zilikuwa tano tu. Wanunuzi walilipia pia historia yake, kwa kuwa inajulikana zilikaa wapi na kwa nani tangu siku ya kwanza.

Somo kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba hatapata sanduku la namna hiyo, lakini anaweza kufanya alichofanya Livingston: kutunza na kutogusa. Santuri zisimame wima, mbali na jua. Kwa wakazi wa pwani, adui mkubwa ni unyevunyevu, ambao huotesha ukungu kwenye karatasi kabla santuri haijaharibika. Stika, bahasha na risiti zisitupwe. Kila kinachonunuliwa kiandikwe tarehe, bei, daraja na jina la aliyeuza.

Waswahili walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko ambalo vipande viwili vya karatasi vinaweza kutofautiana kwa maelfu ya dola, daftari lenyewe ni sehemu ya mali.