SOMO LA 7: UFAHAMU NA UFUPISHO – TIBA ILIYOPIMWA

Malengo ya somo

Baada ya somo hili uweze:
(a) kujibu maswali ya ufahamu kwa kutumia habari uliyopewa;
(b) kufupisha habari yenye tarakimu bila kupotosha maana;
(c) kutofautisha alichosema mwandishi na unachodhani wewe.

Kabla ya kusoma

Mpendwa mtahiniwa, alama za ufahamu hupotea kirahisi sana. Mara nyingi swali si gumu. Mtahiniwa husoma haraka, akaona mada anayoijua, akaandika yaliyomo kichwani mwake badala ya yaliyomo kwenye karatasi. Habari ya leo inahusu utafiti uliofanyika jirani na sisi tunaoishi upande huu wa Mlima Meru, yaani Moshi. Isome mara mbili. Mara ya kwanza soma mpaka mwisho bila kushika kalamu. Mara ya pili pigia mstari wazo kuu la kila aya.

Kifungu cha habari

Mtoto anapofiwa na mzazi, huzuni ni jambo la kawaida. Watoto wengi hulia, hukosa raha kwa muda, kisha taratibu hurudia michezo na masomo. Hata hivyo, wapo ambao hali yao haibadiliki. Miezi inapita nao bado wanaota ndoto za kutisha, wanashtuka ovyo, wanakwepa kila kinachowakumbusha marehemu, na darasani akili haitulii. Hali hiyo huitwa kiwewe.

Shida ni nani atawatibu. Katika nchi zetu, wanasaikolojia na madaktari wa afya ya akili ni wachache kuliko wanaowahitaji. Shannon Dorsey, mwanasaikolojia wa tiba wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, pamoja na watafiti wenzake wa Marekani, Tanzania na Kenya, walitaka kujua kama watu wa kawaida wanaweza kufundishwa kutoa tiba hiyo, na kama tiba yenyewe itafanya kazi.

Utafiti ulifanyika Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, hivyo kukawa na maeneo manne. Watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata tiba. La pili liliendelea na huduma ambazo yatima hupewa kwa kawaida katika maeneo yao. Wanasihi hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, ila walifunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Kwa wiki 12 watoto walikutana katika vikundi, wakajifunza kutuliza mwili, kutaja hisia zao na kurekebisha mawazo yanayoumiza. Katika vipindi vichache vya faragha, kila mtoto alisaidiwa kusimulia kifo cha mzazi wake. Walezi nao walikuwa na vikundi vyao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry. Mara baada ya tiba, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliotibiwa kuliko kwa wenzao katika maeneo matatu kati ya manne: mawili ya Kenya na moja la Tanzania. Mwaka mmoja baadaye, tofauti hiyo ilibaki Kenya tu. Tanzania, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana. Watafiti waliona kuwa watoto wa Kenya walikuwa na maisha magumu zaidi: uhaba wa chakula ulikuwa mkubwa, afya ya walezi ilikuwa duni zaidi, na matukio ya kutisha waliyopitia yalikuwa mengi zaidi. Huenda tiba ya namna hii huleta tofauti kubwa zaidi pale penye shida zaidi.

Maswali

1. Pendekeza kichwa cha habari kinachofaa, kisichozidi maneno matano.
2. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari:
(a) kwa bahati nasibu (b) wanasihi (c) faragha
3. Kwa nini watafiti walitaka kujua kama watu wa kawaida wanaweza kutoa tiba?
4. Kundi la pili halikupewa tiba. Lilikuwa na umuhimu gani katika utafiti?
5. "Tiba hii ilishindwa Tanzania." Je, kauli hii inatokana na habari uliyosoma? Eleza.
6. Fupisha aya ya tatu na ya nne kwa maneno yasiyopungua 60 na yasiyozidi 70.

Mwongozo wa majibu

Swali la 1. "Tiba ya Watoto Waliofiwa" ni maneno manne na linatosha. "Yatima" peke yake ni pana mno. "Utafiti wa Moshi" unaiacha Bungoma. Kichwa kizuri hubeba habari nzima.

Swali la 2. (a) Bila kuchagua, kama kupiga kura, ili kila mtoto awe na nafasi sawa ya kuingia kundi lolote. (b) Watu wanaosikiliza na kuongoza wenye matatizo ya kihisia. (c) Hali ya kuwa mbali na watu wengine. Ukiandika kwamba bahati nasibu ni mchezo wa kubahatisha pesa, umetoa maana ya neno, lakini si kama lilivyotumika hapa. Hapo alama imekwenda.

Swali la 3. Kwa sababu wataalamu wa afya ya akili ni wachache kuliko wanaowahitaji. Jibu limo katika aya ya pili. Usiongeze habari za mishahara au umbali wa hospitali, hata kama ni za kweli.

Swali la 4. Hili ni swali la kufikiri, hutalikuta neno kwa neno kwenye habari. Jiulize: kama kundi la pili lisingekuwepo, tungeamini nini? Watoto wa Moshi waliotibiwa walipata nafuu, na tungesema nafuu yote imeletwa na tiba. Kumbe wasiotibiwa nao, baada ya mwaka, walikuwa wamefikia hali inayokaribiana. Jibu: kundi la pili lilikuwa la kulinganishia, ili ijulikane ni nafuu ipi imeletwa na tiba na ipi ingekuja yenyewe au kwa huduma za kawaida.

Swali la 5. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huanguka. Wapo wanaojibu "ndiyo, ilishindwa" na wapo wanaojibu "hapana, iliponya watoto wote." Majibu yote mawili yamezidisha. Habari inasema mambo matatu: tiba ilipoisha, eneo moja la Tanzania lilionyesha tofauti, baada ya mwaka tofauti haikuwepo, na watoto wa makundi yote mawili walikuwa na nafuu. Mtu aliyepata nafuu hatuwezi kusema tiba yake imeshindwa, wala hatuwezi kusema ni tiba pekee iliyomsaidia. Angalia pia neno "huenda" katika sentensi ya mwisho ya habari. Mwandishi anakisia. Ukiliondoa, umemfanya aseme asichosema.

Swali la 6. Mfano wa jibu (maneno 65):

Watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa Moshi na Bungoma, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa wiki 12 na wanasihi wasio wataalamu. La pili lilipata huduma za kawaida. Tiba ilipoisha, waliotibiwa walikuwa na nafuu zaidi katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka, tofauti ilibaki Kenya tu, ambako maisha yalikuwa magumu zaidi. Tanzania makundi yote mawili yalikuwa na nafuu inayokaribiana.

Tazama kilichoachwa: jina la jarida, umri wa watoto, vikundi vya walezi. Tazama kilichobaki: idadi, mgawanyo, matokeo ya awali na matokeo ya baada ya mwaka. Ukiacha matokeo ya baada ya mwaka, ufupisho wako utakuwa mfupi lakini si wa kweli.

Neno kwako

Nilipofundisha habari hii darasani kwangu hapa Terrat, mwanafunzi mmoja alibaki wenzake walipotoka. Aliniuliza, "Mwalimu, hiyo tiba hata sisi wakubwa tunaweza kupata?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Tuliketi tukazungumza, kesho yake tukaenda pamoja kwa mwalimu wa ushauri na unasihi.

Kama habari hii imekugusa, fanya hivyo hivyo. Mwone mwalimu unayemwamini, afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Na kama ndani ya chumba cha mtihani utakutana na kifungu kinachokukumbusha msiba wako, weka kalamu chini, vuta pumzi taratibu mara tano, anza na swali jingine, kisha rudi.

Zoezi la kujipima

Mwaka 2003 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Katika baadhi ya vijiji, watu wazima wenye dalili za sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Vijiji vingine havikuwa na vikundi. Mwanzoni waliothibitika kuwa na sonona walikuwa asilimia 86 katika vijiji vyenye vikundi, na asilimia 94 katika vijiji vingine. Mwishoni walibaki asilimia 6.5 na asilimia 54.7.

(a) Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
(b) Je, ni sahihi kusema nafuu yote katika vijiji vyenye vikundi ililetwa na vikundi? Tumia tarakimu za habari. (Rejea swali la 4.)
(c) Fupisha habari hii kwa maneno yasiyozidi 35.