Kutia Rangi Sufu Kabla ya Kusokota

Kondoo aina ya Corriedale, wanaofugwa Molo na Nyandarua, hutoa sufu nyeupe inayopokea rangi vizuri. Msokotaji wa nyumbani akiitia rangi kabla haijawa uzi, anaweza baadaye kuchana rangi mbili pamoja na kupata ya tatu.

Ila sufu isiyosokotwa hushikamana upesi. Kila unywele wake una magamba madogo. Joto na maji huyalegeza, na ukikoroga yanaumana. Fungu langu la kwanza nililitoa likifuka mvuke, nikaliweka chini ya bomba la maji baridi. Likaganda kama kipande cha blanketi, halikusokoteka tena.

Anza kwa kuondoa mafuta ya kondoo, kwani yanazuia rangi. Loweka sufu dakika 20 katika maji ya nyuzi 60 hivi yenye sabuni ya maji, bila kufikicha. Itoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yanairudia. Rudia mpaka maji yawe safi, kausha, ndipo upime.

Kwa gramu 100 za sufu kavu, tumia gramu 10 za shabu na gramu 100 za maganda makavu ya vitunguu maji. Shabu ndiyo inayoifunga rangi kwenye sufu. Iyeyushe katika maji ya moto, uimimine kwenye sufuria yenye lita 5 za maji vuguvugu, kisha zamisha sufu iliyokwisha kulowa. Pandisha joto polepole, kwa dakika 45 au zaidi, hadi nyuzi 80, ulishikilie hapo saa moja. Kama huna kipimajoto, tazama: mvuke upande, vipovu vidogo vitokee chini, maji yasitokote. Molo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo usingoje yachemke ndipo upunguze moto. Zima, iache humo ipoe hadi asubuhi.

Maganda yachemshe kando kwa saa moja, uyachuje yote. Kipande kitakachobaki utakiokota kwenye sufu kwa siku nyingi. Supu ikipoa, tia sufu yako na urudie joto lile lile. Usikoroge, ibonyeze tu kwa mwiko. Utapata rangi ya dhahabu. Bizari hung'aa zaidi, lakini jua huifubaza upesi, nami siishauri kwa vazi.

Sufuria na mwiko wa kazi hii visirudi kupikia chakula. Vaa glavu, fungua madirisha, na shabu iwe mbali na watoto.

Sufu ikishapoa kabisa, isuuze kwa maji yenye joto sawa na lake, ikamue kwa kuibonyeza ndani ya taulo, uianike kivulini. Ikitoka na mabaka usiirudishe motoni. Ichane: mabaka yatachanganyika, na uzi utakuwa na vivuli vya dhahabu ambavyo uzi uliotiwa rangi baada ya kusokotwa hauvipati.